Narudia: `nakala = bei` hainakili kitu

Wiki iliyopita nililetewa tena msimbo wenye mstari `nakala = bei`, ambapo `bei` ni orodha, na aliyeuandika analalamika kwamba alipobadilisha nakala, Python (lugha ya programu) ilimharibia na bei za asili. Haijaharibu kitu. Alama ya sawasawa hainakili. Inafunga jina kwenye objekti (kitu chenyewe kwenye kumbukumbu, kama orodha) ambayo tayari ipo. Mzee anayeitwa Baba Asha nyumbani na Mwalimu shuleni akinyoa ndevu, zimeondoka kote kuwili. Uliza `nakala is bei`, yaani je, ni kitu kilekile, utajibiwa `True`, na mjadala uishe.

Tenganisha mambo mawili: kubadilisha objekti yenyewe, na kuhamisha jina. `bei.append(900)` inaongeza 900 kwenye orodha ileile, na kila jina lililofungwa hapo litaona. `bei = bei + [900]` inaunda orodha mpya na kuhamishia jina `bei` huko; majina mengine yanabaki na ya zamani.

Linalonichosha hasa ni ule usemi kwamba `x += y` ni ufupisho tu wa `x = x + y`. Kwa namba na maandishi hutaona tofauti, maana hivyo havibadiliki. Lazima kiundwe kipya. Kwa orodha si kweli hata kidogo! Hapo `+=` huita `__iadd__`, mbinu ya ndani ya orodha, ambayo hurefusha orodha ileile, kisha jina hufungwa tena palepale. Ndani ya fanksheni (kipande cha msimbo kinachoitwa kwa jina) iliyopokea orodha kwa jina `o`, `o += [900]` hubadilisha orodha ya yule aliyeiita; `o = o + [900]` haimgusi. Nimeona watu wakipoteza siku nzima kwa alama hizo chache.

Jaribu na hili: `t = ([1, 2],)`, orodha ndani ya tuple (mabano ya duara yasiyobadilika), kisha `t[0] += [3]`. Utapata kosa la `TypeError`, lakini chapisha `t` uone: `([1, 2, 3],)`. Kurefusha kumefaulu; kilichokataliwa ni kuirudisha orodha mahali pake ndani ya mabano yasiyobadilika. Maelezo nayajua na nimeyatoa mara nyingi, ila bado sijaridhika kwamba lugha ipige kelele wakati kazi imeshafanyika.

`sort()` nayo hupanga orodha ileile na kurudisha `None` (yaani hakuna kitu), kwa hiyo `bei = bei.sort()` inakupotezea orodha. Ukitaka mpya, `sorted(bei)`.

Yule wa wiki iliyopita nilimwambia aandike `bei.copy()`, na kwa haraka yangu nikamkosesha. Bei zake zilikuwa orodha ndani ya orodha, moja kwa kila duka, na `copy()` hunakili ile ya nje tu. Za ndani zinabaki zilezile kwa nakala na kwa asili. Kesho yake tatizo likarudi. Kilichomfaa ni `copy.deepcopy(bei)`, inayonakili hadi za ndani.