Jipu la mbuzi halitumbuliwi zizini

Dhana inayonichosha kuliko zote ni kwamba usaha ukishatoka, mbuzi amepona. Uvimbe unaojitokeza penye tezi, kama vile chini ya sikio, nyuma ya taya au mbele ya bega, wenye usaha mzito, mweupe au wa kijani hafifu, usionuka sana, mara nyingi husababishwa na Corynebacterium pseudotuberculosis. Bakteria huyu huingia kupitia mchubuko mdogo na kujificha ndani ya zile chembe nyeupe za damu zilizotumwa kumuua, na jipu huonekana baada ya miezi 2 hadi 6. Kwa hiyo mfugaji anayelaumu mwiba wa juzi anatafuta mahali pasipo penyewe. Usaha unaomwagwa chini huacha bakteria wanaoweza kudumu kwa miezi kadhaa kwenye udongo na nguzo za zizi, wakimsubiri mnyama mwingine aje kujikuna hapo akiwa na kidonda. Na aliyetumbuliwa huenda ana majipu mengine mapafuni, ambayo dalili yake pekee huweza kuwa kukonda ilhali anakula vizuri.

Kama ni lazima kutumbua, mtoe mnyama zizini, vaa glavu, kinga usaha wote na uuchome moto, osha tundu kwa ayodini, kisha mtenge hadi kidonda kifunge kabisa. Mnyama anayerudia kupata majipu, mimi humshauri mwenye mbuzi amwondoe kundini kwa kumchinja, ushauri ambao haujawahi kunipatia marafiki, lakini kumpeleka mnadani akanunuliwe na mfugaji mwenzako ni kumuuzia ugonjwa.

Sindano ya oksitetrasaiklini haimalizi jipu hili. Maabarani dawa hiyo humzuia bakteria kuzaliana bila taabu. Ndani ya mbuzi haiupenyi vya kutosha ukuta mnene wa jipu, na kinachobaki ni maziwa yenye masalia ya dawa.

Si kila jipu ni ugonjwa huu, vilevile. Usaha unaonuka vibaya huashiria zaidi bakteria mwingine, Trueperella pyogenes, na majipu yanayowatokea wanyama wachanga ndani ya wiki chache tu baada ya kuambukizwa yanaweza kuwa ugonjwa wa Morel, unaotokana na aina ya bakteria Staphylococcus aureus na uliokwisha kuripotiwa Kenya. Kwa macho hatuwezi kuyatofautisha kwa uhakika. Sampuli ya usaha ipelekwe maabara.

Wengine huniambia binadamu haambukizwi, huku wakikamua jipu kwa vidole vitupu. Huambukizwa, ingawa kwa nadra: wanyoa sufu na wachinjaji wamewahi kuvimba tezi za kwapani, na baadhi yao wakalazimika kuondolewa tezi hizo kwa upasuaji.