Watoto wanapouliza nani aliiangusha Roma

Nafundisha historia ya kale kwa watoto wa miaka 10 hadi 12, na kila nikifika kwenye anguko la Roma swali huwa lile lile: "Mwalimu, nani aliiangusha?" Wanataka jina. Wakishapata jina, wanataka tarehe. Vitabu vingi vya watoto huwapa vyote viwili, Odoacer na 4 Septemba 476. Wanakariri, wanapata alama zao, na hawajaelewa kitu.

Tarehe yenyewe haina kosa. Siku hiyo, kule Ravenna, mji wa Italia walikokaa makaizari wa nusu ya magharibi ya himaya, Odoacer alimvua madaraka Romulus Augustulus, mtoto aliyekalishwa kwenye kiti na baba yake, Orestes, hata mwaka haujatimia. Hapa darasa zima huamka: kaizari wa mwisho wa magharibi alikuwa karibu rika lao! Nawaacha wafurahie. Nawaonyesha na jina lake pia. Romulus ni mwasisi wa mji katika ngano za Warumi, Augustus ni kaizari wa kwanza, na ile "-ulus" ya mwishoni inafanya kazi ya ki- yetu katika "kitoto". Watu walikuwa wanamwita Augustus mdogo, kwa dharau.

Taabu ni kwamba siku ile wengi hawakujua kuwa kuna kilichoanguka. Seneti, baraza la wakuu wa Roma, iliendelea kukutana. Zeno alikuwa kaizari kule Konstantinopoli (Istanbul ya leo), na upande huo wa mashariki uliishi mpaka 1453. Odoacer naye alikuwa ofisa katika jeshi lile lile la Roma. Askari wake walidai ardhi, Orestes akakataa, wakamuua. Kwa hiyo tarehe naiweka kando, naleta maziwa.

Ninakuwa na jagi moja la maziwa na jingine la maji. Maziwa ni madini ya fedha, maji ni shaba. Mtoto mmoja ni kaizari, wengine ni askari wenye vikombe. Kaizari wa kwanza anawamiminia maziwa matupu, kama dinari, sarafu ya Augustus iliyokaribia kuwa fedha tupu. Kisha askari wanaongezeka, jagi haliongezeki. Kaizari wa pili anatia maji kidogo. Kaizari Nero alifanya hivyo kwa sarafu mwaka 64 na wachache waling'amua. Tunabadilisha makaizari harakaharaka, maana kati ya 235 na 284 walipita zaidi ya 20, wengi wakiuawa na askari wao wenyewe, na kila mpya alitakiwa kuwapa askari bakshishi. Maji, maji, maji. Karibu na 270, sarafu iliyoitwa ya fedha ilikuwa na fedha isiyofika asilimia 5, shaba iliyopakwa weupe juu. Mwaka jana msichana mmoja alionja kikombe cha mwisho, akakirudisha mezani: "Hii sipokei." Sikuwa na haja ya kueleza mfumuko wa bei. Nilimwambia tu kwamba serikali nayo ilifika hapo hapo, ikaanza kudai kodi kwa nafaka na nguo.

Roma ilijikwamua baada ya hapo, na hili watoto wasilikose: kudhoofika si mteremko wa moja kwa moja. Kaizari Diocletian aliipanga upya himaya, ikadumu.

Ndipo natoa ramani na mkasi. Kila jimbo limeandikwa idadi ya askari linaowalipa (namba nimezitunga, na nawaambia hivyo). Tunakata Uingereza, hakuna anayestuka. Tunakata sehemu za Gaul (Ufaransa ya leo) na Hispania, wanaanza kuhesabu. Halafu tunafika 439, Wavandali, kabila la Kijerumani, wanaiteka Karthago (katika Tunisia ya leo), na ninakata kipande cha Afrika Kaskazini, kilichokuwa kikiilisha Roma ngano na kuleta kodi nono. Hesabu inagoma. Bila kodi ya Afrika hakuna askari wa kutosha, bila askari huwezi kuirudisha Afrika. Vipande havikukatwa siku moja.

Neno moja la kuchunga ni "washenzi". Tafsiri zetu hulitumia kwa urahisi, na mtoto akilisikia anawachora watu wenye marungu. Lakini Wagothi, kabila jingine la Kijerumani, waliovuka mto Danube kuingia himaya mwaka 376 walikuwa wakimbizi waliowakimbia Wahun, wapanda farasi wa vita kutoka mashariki. Maofisa wa Roma waliwauzia hata mbwa wa kula, wakilipwa watu wa kufanywa watumwa. Miaka miwili baadaye Wagothi hao walimuua kaizari Valens vitani. Na Alaric, kiongozi wa Wagothi aliyeteka mji wa Roma mwaka 410, alikuwa ametumika jeshini mwa Roma na akitaka cheo humo. Mara ya kwanza alipouzingira mji, alikubali kuondoka kwa dhahabu ratili 5,000, fedha ratili 30,000, kanzu za hariri 4,000 na pilipili manga ratili 3,000. Hiyo pilipili ndiyo watoto hawaisahau. Ilitoka India, kwa majahazi yaliyosafiri na pepo za msimu.

Sababu nyingine wanakuja nazo wenyewe kutoka kwenye video, hasa mabomba ya maji ya madini ya risasi, ambayo inasemekana yaliwapa Warumi sumu. Mwanahistoria mmoja Mjerumani aliwahi kuhesabu sababu 210 zilizowahi kutajwa, kwa hiyo sishindani nao. Nawapa swali moja tu la kuipimia kila sababu: mashariki nako ilikuwepo? Mabomba ya risasi yalikuwepo. Ukristo ulikuwepo, tena zaidi. Mashariki ilibaki na Misri na kodi yake kwa karne mbili zaidi. Wanaanza kuchuja wenyewe.

Mwisho nawapa kazi ya kuandika: wewe ni mtoto wa mwoka mikate mjini Roma, ni wiki moja baada ya 4 Septemba 476, andika shajara yako. Karibu wote huandika moto na mayowe. Mvulana mmoja aliandika mistari miwili: "Baba kasema yule mtoto wa Ravenna kaondolewa. Leo tena unga haujafika." Nilimpa alama zote.