Mishahara ya askari wa Cromwell na ardhi ya Ireland: dhana potofu na ukweli

Katika miaka ya 1650 serikali ya Uingereza ililipa malimbikizo ya mishahara ya jeshi lake kwa ardhi ya watu wengine. Masimulizi mengi ya kipindi hicho cha Ireland yanajaa Oliver Cromwell (jemadari wa jeshi la Bunge la Uingereza), panga na Wakatoliki waliofukuzwa makwao. Suala la mishahara hupewa sentensi moja, pengine hata hiyo haipo. Matokeo yake, askari wa kawaida hubebeshwa utajiri ambao hakuupata, na walioupata hawatajwi.

Dhana: mashamba yalikuwa zawadi ya ushindi

Yalikuwa malipo ya deni, na mpango wenyewe ulibuniwa miaka saba kabla Cromwell hajakanyaga Ireland. Uasi wa Wakatoliki ulipozuka Oktoba 1641, Bunge la London halikuwa na fedha za kupeleka jeshi. Machi 1642 likapitisha sheria ya kukopa: atakayetoa fedha zake sasa atalipwa baadaye kwa ardhi watakayonyang'anywa waasi. Ekari milioni 2.5 ziliwekwa dhamana ya mkopo wa pauni milioni 1. Bei za mikoa minne ya Ireland ziliandikwa ndani ya sheria: ekari 1,000 kwa pauni 200 huko Ulster, 300 Connacht, 450 Munster na 600 Leinster. Zilizopatikana zilikuwa takriban pauni 300,000 tu, na sehemu yake ikaishia kwenye vita vya Bunge dhidi ya mfalme, huko huko England.

Uasi ulikuwa haujazimwa, ardhi haijapimwa, na hakuna mahakama iliyokaa kuamua nani mwasi na nani si mwasi. Mashamba yalikuwa yameshauzwa. Tangu siku hiyo, mapatano yoyote ya amani na Wakatoliki yalikuwa hasara kwa watu wenye fedha London. Chuki ya dini ilikuwepo, tena kali, lakini anayetaka kuelewa kwa nini Ireland haikupewa masharti nafuu aanzie kwenye mkopo huu.

Dhana: jeshi la Bunge lilipigania imani, mshahara haukulishughulisha

Mwaka 1647 unatosha kuivunja dhana hii. Vita vya kwanza dhidi ya mfalme vilikuwa vimekwisha, na Bunge likataka kulivunja jeshi, huku baadhi ya vikosi vikipelekwa Ireland. Wakati huo askari wa miguu walikuwa wanadai mshahara wa majuma 18 na wapanda farasi majuma 43. Bunge likawapa ahadi ya majuma machache. Askari wakakataa kutawanyika, wakachagua wawakilishi wao, na mwezi Juni kikosi cha wapanda farasi kikamchukua Mfalme Charles I kutoka mikononi mwa watu wa Bunge. Mijadala maarufu ya Putney ya mwaka huo, ambamo askari walihoji nani ana haki ya kupiga kura, ilichipuka kwenye mgogoro ulioanza na madai ya mishahara.

Wanasiasa wa London hawakusahau. Cromwell alitua Dublin Agosti 1649, akateka Drogheda na Wexford kwa mauaji ambayo Ireland inayakumbuka hadi leo, akaondoka Mei 1650. Jeshi aliloliacha lilipigana miaka mingine miwili. Vita vilipomalizika, malimbikizo ya jeshi la Ireland yalikuwa yamevuka pauni milioni 1.5. Hazina ilikuwa tupu, na wadai walikuwa na bunduki mikononi.

Dhana: ardhi iliporwa ovyo, kila aliyekuwa na nguvu akajichukulia

Ingekuwa hivyo, pengine mengi yangerekebishwa baadaye kwa urahisi zaidi. Dhuluma hii ilifanywa kwa daftari, kwa kanuni na kwa ramani, na ndiyo maana ilidumu.

Kwanza palifanyika hesabu ya kila mtu. Makarani walichukua orodha za jeshi, wakahesabu siku alizotumikia, wakakata chakula alichopewa, nguo, na malazi aliyopata kwenye nyumba za raia. Kilichobaki kiliandikwa kwenye hati ya deni yenye jina lake. Sheria ya Septemba 1653 ikatenga wilaya kumi zigawanywe nusu kwa nusu kati ya waliokopesha mwaka 1642 na askari: Antrim, Down na Armagh upande wa kaskazini, Meath, Westmeath, King's County na Queen's County katikati, Waterford, Limerick na Tipperary kusini. Serikali ikajibakizia Dublin, Kildare, Carlow na Cork. Januari 1654 wakopeshaji walianza kupiga kura za bahati nasibu London kujua nani anaangukia wapi, na vikosi vya jeshi navyo vikapiga kura zao.

Kisha ardhi ikapimwa. Kazi hiyo aliipata William Petty, daktari wa jeshi aliyefika Ireland mwaka 1652. Alitia saini mkataba Desemba 1654, na kazi ya uwandani akaimaliza katika muda wa mwaka mmoja na kidogo. Siri yake ilikuwa kuigawa kazi vipande vipande. Askari waliozoea maisha ya porini walifundishwa kuvuta minyororo ya kupimia na kusoma dira. Wengine, ofisini Dublin, walichora. Wengine wakakokotoa ukubwa. Watu wapatao elfu moja walihusika. Wadai wenyewe, kwa maneno mengine, walipima mali ya kulipia deni lao. Mabwawa na miamba havikuhesabiwa kwenye stahili ya mtu. Ekari iliyohesabiwa ni ile ya kulimika au kulishia mifugo.

Dhana: kila askari akawa mwenye shamba

Hapa ndipo upotoshaji ulipo mkubwa kuliko kwingine kote.

Tupige hesabu ya askari wa miguu. Mshahara wake wa kawaida ulikuwa peni 8 kwa siku, na pauni moja ina peni 240, kwa hiyo siku 30 zilimpa pauni moja. Mtu aliyedai mwaka mzima alidai kama pauni 12. Kwa bei ya sheria ya 1642, pauni 12 ni ekari 20 Leinster au ekari 60 Ulster. Kwenye karatasi ni mali. Lakini kwa kuwa haikujulikana kama ardhi ingewatosha wote, mgao wa awali ulifidia takriban theluthi mbili tu ya deni, na salio likaachwa lisubiri.

Sasa mfikirie akiachishwa kazi mwaka 1655 au 1656. Hana jembe la kukokota, hana ng'ombe, hana mbegu. Kipande chake hajakiona, pengine hakijapimwa. Nchi yenyewe imetoka kwenye njaa na tauni, vijiji vimeungua, na wapiganaji waliokataa kusalimu amri bado wamo misituni. Mbwa mwitu walikuwa wameongezeka kiasi kwamba mwaka 1653 serikali ilitangaza zawadi ya pauni 6 kwa kila jike atakayeuawa na pauni 5 kwa dume. Jike mmoja wa mbwa mwitu alilipa sawa na siku 180 za mshahara wa askari wa miguu, tena kwa fedha taslimu, kitu ambacho askari huyo alikuwa hajakiona kwa muda mrefu.

Mtu wa namna hiyo alihitaji chakula leo na nauli ya kurudi kwao. Mnunuzi alikuwa karibu: mara nyingi ni ofisa wake mwenyewe, anayejua thamani ya hati, anayejua kura imeangukia wapi, na mwenye akiba ya kusubiri. Hati ziliuzwa kwa bei ya kutupa, mara nyingi shilingi chache tu kwa kila pauni ya shilingi 20. Makatazo yalitolewa, lakini biashara haikusimama. Hati zaidi ya 30,000 zilitolewa. Askari waliochukua ardhi kweli walikuwa takriban 12,000, na baada ya Mfalme Charles II kurudi kutoka uhamishoni mwaka 1660, waliothibitishiwa umiliki walibaki kama 7,500.

Petty naye alikuwemo. Alilipwa kwa upimaji, mwaka 1656 akateuliwa kwenye kamati ya watu watatu ya kugawa ardhi ileile, akanunua hati za deni, na mwishowe akamiliki maeneo makubwa Kerry. Mwaka 1659 alishtakiwa bungeni kwa rushwa na upendeleo, naye akajitetea kwa nguvu. Kipaji chake sikipingi, ramani zake ni kazi kubwa. Ila mtu anayepima, anayegawa na anayenunua hapaswi kuwa mtu yuleyule, karne ya 17 au karne yoyote.

Dhana: Waayalandi wote walihamishiwa Connacht

Msemo wa "Jehanamu au Connacht" umewekwa mdomoni mwa Cromwell, lakini hakuna ushahidi kwamba aliutamka. Amri yenyewe ilikuwepo: wenye ardhi Wakatoliki walitakiwa kuvuka mto Shannon, kuelekea Connacht na Clare, kabla ya Mei 1, 1654. Kule walipewa kipande kidogo kufidia sehemu ya walichopoteza. Maumivu yake yalikuwa makubwa, na waliochelewa walikuwa hatarini kuhukumiwa kifo.

Lakini wakulima wadogo, wachungaji na vibarua wengi walibaki. Palikuwa na maofisa waliotaka wote waondoke. Vincent Gookin, Mprotestanti aliyekuwa na ardhi Ireland, aliwapinga hadharani mwaka 1655: bila watu hawa nani atalima, nani atachunga, kodi itatoka wapi? Hoja yake haikuwa ya huruma peke yake, ilikuwa ya uchumi, na hali halisi ikampa haki. Mwenye shamba mpya alihitaji mikono. Aliyebaki akawa mpangaji kwenye ardhi ambayo ukoo wake uliikalia siku zote. Askari wa Kiayalandi walioshindwa nao walikuwa na njia yao: kama 34,000 waliruhusiwa kwenda kutumikia majeshi ya Hispania na nchi nyingine za Ulaya, maana watawala wapya walitaka watu wenye ujuzi wa vita wawe mbali.

Askari wa Kiingereza waliobaki walikatazwa kuoa wanawake Wakatoliki. Walioa. Mwishoni mwa karne hiyo palikuwa na malalamiko kwamba watoto wa askari wa Cromwell hawajui hata neno moja la Kiingereza.

Dhana: Charles II aliporudi mwaka 1660, kila kitu kikarejeshwa

Mfalme alitaka kuwaridhisha wote, na ardhi haikutosha. Wakatoliki waliomtumikia uhamishoni walidai mali zao. Askari na wakopeshaji walishika hati zao, na baadhi ya wakubwa wao ndio waliomsaidia kurudi. Kundi la tatu husahaulika mno: maofisa Waprotestanti waliopigana upande wa mfalme Ireland kabla ya Juni 1649, ambao nao walikuwa na malimbikizo ya mishahara. Hao walifidiwa kwa nyumba za mijini na ardhi ya baadhi ya wilaya, na nyumba hizo pia zilikuwa mali ya Wakatoliki.

Sheria ya 1662 iliunda mahakama ya kusikiliza madai, na Mkatoliki aliyeweza kuthibitisha kwamba hakuhusika na uasi alirudishiwa mali yake. Mahakama ilifungwa Agosti 1663 huku maelfu ya madai yakiwa hayajasikilizwa, na waliobaki nje hawakupewa nafasi nyingine. Sheria ya 1665 ikawataka askari na wakopeshaji waachie theluthi ya ardhi yao ili kupunguza pengo. Takwimu zinaonyesha ni kiasi gani kilirudi: mwaka 1641 Wakatoliki walimiliki karibu asilimia 60 ya ardhi ya Ireland, mwaka 1688, baada ya marekebisho yote hayo, asilimia 22.

Dhana: haya ni ya Cromwell peke yake

Malkia Elizabeth I alishapita njia hiyo. Vita dhidi ya Hugh O'Neill, kiongozi wa uasi wa Ulster, vilipomkausha hazina, mwaka 1601 aliamuru jeshi la Ireland lilipwe kwa sarafu mpya ambayo robo yake tu ilikuwa madini halisi ya fedha. Askari alipokea shilingi ambayo sokoni haikununua cha shilingi. Wenye madeni wakaona mlango: Brett, mfanyabiashara wa Drogheda aliyekuwa anadaiwa pauni 100 na Gilbert wa London, alileta sarafu hizo hafifu. Mwaka 1605 ikaamuliwa kwamba malipo yake ni halali, kwa sababu thamani ya sarafu ni ile anayoitangaza mtawala. Uamuzi huo bado unatajwa na wanasheria wa mambo ya fedha.

Na baada ya vita vya Mfalme William III, mchezo ukarudi ukiwa umekomaa zaidi. Jeshi lililipwa hati za deni, hati zikashuka thamani, na safari hii hazikununuliwa na kapteni mmoja mmoja. Kampuni moja ya London, ambayo awali iliundwa kutengeneza panga, ilizikusanya na kuzitumia mwaka 1703 kununua ardhi zilizotaifishwa, zenye thamani ya takriban pauni 200,000. Wakati huo sehemu ya Wakatoliki ilikuwa imeshuka hadi asilimia 14.