"Family" haina herufi za siri

Sendofu nyingine, mshereheshaji mwingine, na yale yale: "FAMILY maana yake Father And Mother, I Love You!" Vigelegele. Jamani. Kuunda neno kwa herufi za mwanzo ni mtindo wa karne ya 20 hasa. Family imo kwenye Kiingereza tangu miaka ya 1400. Na Mfaransa mwenye famille yake, herufi zake zinampenda nani?

Hao nawasamehe, wanachangamsha ukumbi. Wanaonikera ni wajuaji wanaofuata kusahihisha: "Kumbe family ni watumwa!" Kweli neno limetoka kwenye familia ya Kilatini, nayo imezaliwa na famulus, mtumishi au mtumwa. Lakini Mrumi akitamka familia, kilichokuwa kichwani mwake ni mamlaka: wote walio chini ya paterfamilias, baba mkuu wa nyumba, mmoja. Watumwa wamo, wanawe wamo, wajukuu wamo, mke mara nyingine yumo na mara nyingine bado ni wa kwa baba yake. Hata mali imo. Katika Mabamba Kumi na Mawili, sheria za karne ya 5 KK, mtu akifa bila wosia na bila mrithi wa nyumbani mwake, ndugu wa karibu wa kuumeni "awe na familia", yaani achukue alivyoacha. Mpaka karne ya 3 BK mwanasheria Ulpianus bado anakaa kuzipambanua maana zake, moja moja.

Mwana naye, hata akiwa na mvi na ukonsuli, cheo cha juu kabisa serikalini Roma, juu, alibaki chini ya baba hadi mzee afe au amwachie. Ila watoto hao hao waliitwa liberi, neno lile lile la "walio huru". Mjuaji wetu hapo huwa kimya.

Kiingereza kililipokea neno likiwa bado na watumishi ndani. Mwingereza Samuel Pepys, akifungua shajara yake ya 1660, anaandika kwamba family yake ni watatu tu: yeye, mkewe, na mtumishi wao Jane. Wazazi na watoto peke yao ni maana iliyopata nguvu baadaye.

Na famulus ilitoka wapi? Warumi walisema kwa Waoski, watu wa kusini mwa Italia, waliomwita mtumwa famel. Wapo wanaoitafutia mzizi wa Kihindi-Kiulaya, lugha mama ya kale ya Kilatini na nyingine nyingi, wapo wanaowashuku Waetruski, majirani wa Roma upande wa kaskazini. Mimi naegemea Waoski, lakini msahafu siushiki.