Spageti Hizo Si Mbichi

Jumamosi iliyopita sahani zilirudi jikoni mara tatu kabla ya saa tatu usiku. Ya tatu ilikuwa ya spageti za kaa. Uma ulikuwa umeingia mara moja tu, kaa hajaguswa, na weita wetu amesimama dirishani uso umemshuka. "Shefu, yule mzee anasema hazijaiva. Anasema umempa tambi mbichi."

Nimepika chakula cha Kiitaliano hapa Malindi kwa miaka 19 na maneno hayo nimechoka kuyasikia. Leo nayaandikia. Spageti zile hazikuwa mbichi. Zilikuwa zimeiva, tena zimeiva pale hasa nilipotaka ziive.

Najua ubishi unakoanzia. Unaanzia kwenye neno tambi. Sisi watu wa Pwani tumelelewa na tambi za mwezi wa Ramadhani: unazikaanga kwanza zibadilike rangi, unatia maji au tui, sukari, iliki na zabibu, unafunika mpaka zikauke na zilainike kabisa. Bibi yangu alikuwa akiweka makaa juu ya mfuniko. Tambi zile zikigoma mdomoni, mpishi ameharibu. Sasa mtu mwenye ladha hiyo tangu utotoni akiletewa spageti zinazokataa kidogo chini ya jino, lazima ashtuke. Simlaumu hata kidogo. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba Waitaliano hawajui kupika tambi, au kwamba mimi nina haraka ya kumaliza oda.

Maana mtu huyohuyo mpelekee pilau iliyovurugika, uone. Atakwambia wali umekuwa bokoboko. Atakwambia punje hazikuchambuka. Kwenye harusi nimewaona akina mama wakionja punje mbili tatu kwa ncha za vidole na kumhukumu mpishi papo hapo. Hakuna hata mmoja anayesema punje iliyosimama ni mbichi. Wanajua kabisa kwamba kuiva ni kitu kimoja na kulainika ni kitu kingine. Basi ujuzi huohuo wa wali, uje nao ukikaa kula spageti.

Al dente maana yake "kwenye jino". Haisemi ngumu. Inasema jino likutane na kitu. Na jambo hili si la kubahatisha, linaonekana kwa macho. Chukua uzi mmoja wa spageti ukiwa bado unachemka, ukate kwa kisu, utazame pale ulipokatwa. Mapema utaona duara jeupe katikati, na pembeni yake rangi ya manjano inayopitisha mwanga. Weupe ule ni wanga ambao maji hayajaufikia. Waitaliano wanauita anima, yaani roho. Duara likiwa pana kama shina la kiberiti, hizo ni mbichi kweli, zina ladha ya unga na zitakunatia menoni. Likibaki nukta kama ncha ya sindano, hapo ndipo zimeiva al dente. Nukta ikishatoweka na ukaendelea kuchemsha, umepita.

Kwa nini umepita? Kwa sababu ya ngano yenyewe. Pasta kavu ya Kiitaliano inatengenezwa kwa ngano ngumu, durumu, na sheria ya Italia inataka hivyo tangu mwaka 1967. Ngano hiyo ina protini nyingi, na protini inafunga wanga ndani kama wavu. Maji yanaingia kutoka nje kwenda ndani, wanga unavimba, wavu unaushika. Kuna muda mfupi ambapo karibu wanga wote umelowa na wavu bado mzima. Huo ndio muda wangu wa kazi. Ukichelewa, wavu unalegea, wanga unavuja nje, uzi unakuwa na utelezi juu na ndani hauna kitu. Sosi haishiki tena. Kaa anabaki chini ya sahani, tambi zinabaki juu, na wewe unasema chakula hakina ladha.

Paketi nyingi za bei ya chini madukani zimetengenezwa kwa ngano laini, ile ya chapati na mkate. Hizo ukisubiri nukta zitakuaibisha: dakika hii mbichi, dakika ijayo uji. Mtu aliyezoea hizo nyumbani anaamini ndivyo tambi zilivyo duniani kote. Soma nyuma ya paketi kabla ya kununua.

Kisha kuna bufe. Hoteli ikilisha watu 200 haiwezi kuchemsha spageti kwa kila mgeni. Zinachemshwa mchana, zinapozwa, zinapakwa mafuta, na usiku zinatiwa kwenye maji ya moto au zinakaa juu ya mvuke saa nzima. Nimeifanya kazi hiyo, sina la kuisema vibaya, bufe ni bufe. Lakini wengi wetu tulionja pasta mara ya kwanza kwenye bufe ya semina, na ile ndiyo tukaibeba kama kipimo. Kwenye mkahawa wenye jiko la kweli, spageti zako zinaingia majini baada ya oda yako kufika. Ndiyo sababu unasubiri. Ukiletewa sahani ya spageti dakika tatu baada ya kuagiza, ulize zilichemshwa saa ngapi.

Sasa niseme jambo ambalo wapishi wenzangu hawapendi kulisema. Wakati mwingine mgeni huwa na haki.

Niliwahi kufanya kazi Nairobi mwaka mmoja. Wiki ya kwanza sahani zilirudi moja baada ya nyingine, nami nikawa nashikilia msimamo wangu: paketi inasema dakika 9, nimechemsha dakika 9, na kwa vile zinamalizikia kwenye sosi, zimeiva. Siku ya nne nikakata uzi mmoja uliorudi kutoka mezani. Duara jeupe lilikuwa palepale, pana, halina ubishi. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari na maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Malindi, tuko usawa wa bahari, yanachemka kwenye 100. Maji yanatokota vilevile, povu lilelile, lakini moto uliomo si uleule, na spageti zinataka muda zaidi. Nilikuwa nimewalisha watu tambi mbichi kwa siku tatu huku nikiwafundisha maana ya al dente. Bado inaniuma. Tangu hapo siamini dakika za paketi, naamini kisu na jino. Na sahani ikirudi, kitu cha kwanza nakata uzi mmoja nitazame, kabla sijafungua mdomo.

Hata kipimo chenyewe hakina mstari mmoja. Nimepika chini ya Waitaliano wawili jiko moja, mmoja mtu wa Napoli, kusini mwa Italia, mwingine wa kaskazini. Wa Napoli alikuwa akizitoa dakika nzima kabla ya mwenzake, na kila mmoja alimwona mwenzake anaharibu chakula. Mimi niko katikati yao, nikiegemea Napoli kwenye sosi za samaki na kaa, kwa sababu sosi hizo ni nyepesi na jino linataka kazi. Hiyo ni hukumu yangu. Siwezi kukuthibitishia kwa kitabu.

Na vitabu navyo vina mambo. Vyote vinarudia: gramu 100 za pasta, lita moja ya maji, gramu 10 za chumvi. Kwenye chumvi, sosi ikiwa ya vitu vya baharini mimi natia 7, kwa sababu kaa ana chumvi yake. Kwenye maji, nyumbani napika gramu 200 kwa lita moja na kidogo, nakoroga zaidi dakika za mwanzo zisishikane, na zinatoka sawasawa. Tena maji yanabaki mazito kwa wanga, na maji hayo ndiyo dhahabu. Dakika mbili kabla ya nukta kufikia ncha ya sindano, nazihamishia kwenye kikaango cha sosi, natia upawa mmoja wa yale maji, narusha na kukoroga kwa moto mkali mpaka sosi inang'aa na kuushika kila uzi. Spageti zinamalizikia kuiva humo, zikinywa sosi badala ya maji matupu. Anayesuuza spageti kwa maji baridi ya mfereji anaumwaga wanga huo wote kwenye sinki. Nikimwona mtu anafanya hivyo roho inanitoka.

Mafuta kwenye maji ya kuchemshia? Acha. Yanaelea juu hayafanyi kazi, na ukimwaga maji yanabaki yamepaka spageti, sosi inateleza. Krimu kwenye carbonara? Haimo. Ni mayai, jibini la pecorino, pilipili manga na guanciale, ambayo ni nyama ya shavu la nguruwe, kwa hiyo usiyekula nguruwe uliza kabla ya kuagiza, usione haya.

Kuna kosa la upande wa pili pia, nalo limeanza kuongezeka. Mgeni ameshasikia habari za al dente, anaagiza tagliatelle, zile tambi bapa, kisha anarudisha akisema zimelainika mno. Tagliatelle zangu nazitengeneza asubuhi hiyohiyo, unga na mayai, nazikanda mwenyewe. Hazikukaushwa, hazina ule weupe wa katikati, zinakaa majini dakika mbili au tatu tu. Zinatakiwa ziwe laini, zenye mnofu kidogo. Kuzitafutia ugumu wa spageti kavu ni kutafuta mfupa kwenye maini.

Wengine wanaogopa tumbo. Mama mmoja aliniambia hawezi kula kitu nusu mbichi usiku, kitamkaa. Nilimwelewa, na nukta ikiwa pana ningemuunga mkono. Lakini spageti zilizoiva al dente karibu wanga wake wote umeshapata moto na maji. Zinavunjwa polepole tumboni kuliko zilizochemshwa mpaka zikasagika, na hilo kwa mtu anayeangalia sukari yake ni afadhali.

Lingine ni picha. Pasta haiachi kuiva ikifika mezani. Ina joto lake na inaendelea kunywa sosi. Nimewahi kuchungulia dirishani nikaona meza ya watu sita wanapiga picha, wanasogeza mshumaa, wanapiga tena, dakika nane. Nilizitoa jikoni zikiwa pale pale panapotakiwa. Walipoanza kula zilikuwa zimekauka na kushikana.

Yule mzee wa Jumamosi nilimwendea mezani. Nilimsalimia, shikamoo, akanijibu marahaba bila kunitazama. Nilichukua uzi mmoja kutoka sahani yake, nikaukata mbele yake, nikamwomba autazame karibu na taa. Alivaa miwani. Akasema, "Kumbe kati hamna unga." Nikamwambia hamna, mzee wangu, lakini ukizitaka laini zaidi nitakuchemshia nyingine sasa hivi, kaa yupo. Akataka nyingine. Nikampikia, nikaziongeza dakika tatu, akala zote.

Nilizipika kwa moyo, kwa sababu alitaka hivyo na yeye ndiye anayekula. Wewe nawe ukizipenda laini, mwambie weita unapoagiza: iive zaidi. Kwa Kiitaliano ni ben cotta, na jikoni tunaielewa mara moja. Na kama utabeba nyumbani, lisemwe pia mapema. Hizo nazitoa majini dakika mbili kabla, maana ndani ya kopo lililofunikwa, mpaka ufike Watamu, zitakuwa bado zinaiva.