Sukari Yangu Ni Sita, Dawa ya Mafuta ya Nini?

Kila inapokaribia Novemba 14, Siku ya Kisukari Duniani, mahema ya kupima bure huongezeka jijini, na wiki zinazofuata dirisha letu la dawa hupokea watu wenye vikaratasi mkononi na lalamiko lilelile: "Dokta, mimi hata dawa ya sukari sinywi, najidhibiti kwa chakula. Hii ya mafuta nimeandikiwa ya nini?" Safari hii malalamiko yamezidi, na wapo wanaoamini kabisa kuwa hospitali inatafuta wateja wa dawa. Kliniki imeniomba niandike. Mimi ni mfamasia wa kliniki ya kisukari, si daktari (ingawa dirishani kila mwenye koti jeupe ni dokta), na maelezo haya hayachukui nafasi ya ushauri wa anayekutibu.

Namkumbuka mama mmoja wa Temeke, miaka 62, daftari lake la kliniki limepangwa vizuri kuliko mafaili yetu. Sukari ya asubuhi kabla ya kula, 5.8. HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, asilimia 6.2. Presha anayo, anameza amlodipini. LDL, ile lehemu (kolesteroli) inayoganda kwenye kuta za mishipa, 4.4, nayo iko juu. Nilipomwamkia aliitikia, akaketi, akasema: "Mwanangu, nimeacha ugali, nimeacha wali, nimeacha hata chapati za mjukuu wangu. Mnataka niache nini tena?" Nikamuuliza sasa anakula nini. Asubuhi supu ya kongoro. Mchana nyama na kisamvu cha tui zito. Jioni mishkaki, na samli haikosekani, kwa sababu aliambiwa mafuta hayapandishi sukari.

Aliyemwambia hakusema uongo. Hapo ndipo penye mtego.

Anayeacha wanga na sukari huona matokeo mazuri upande wa sukari, na mara nyingi hata trigliseridi, mafuta ya aina nyingine kwenye damu, hushuka, kwa kuwa ini huzitengeneza kutokana na wanga, soda na pombe vilivyozidi. LDL ina habari yake nyingine. Sehemu kubwa ya lehemu mwilini hutengenezwa na ini lenyewe, na ini hilohilo lina kama milango ya kuivuta LDL kutoka kwenye damu. Mafuta yanayoganda, yaani samli, siagi, mafuta ya nyama, mawese na nazi, huifanya milango hiyo ipungue. LDL inabaki inazunguka. Mtu anaweza kula hivyo mwaka mzima, sukari ikawa ya kupigiwa makofi, huku mishipa ya moyo na ya ubongo inazibwa taratibu bila maumivu yoyote. Sipingi kupunguza wanga. Kwa wengi wenye kisukari aina ya pili ni hatua nzuri. Napinga kuhama kutoka kwenye sahani ya wali kwenda kwenye bakuli la kongoro na kuita hiyo tiba.

Najua naandika haya pwani, na najua nani atanuna nikigusa nazi. Karibu nusu ya mafuta ya mawese ni hayo yanayoganda, na kwenye mafuta ya nazi yanapita asilimia 80. Hakuna anayekukataza kunusa nazi. Tumia tui jepesi badala ya zito, na si kila siku. Alizeti ya Singida kwa kipimo cha kijiko, si kwa kumimina kutoka kwenye dumu. Maharage, kunde, choroko na bamia vina nyuzinyuzi zinazosaidia kuishusha LDL. Vibua na dagaa badala ya nyama yenye mafuta, siku tatu nne kwa wiki. Kuku wa kukaanga kwenye mafuta yaliyorudiwa tangu juzi, hilo hata silijadili.

Limao halikati mafuta kwenye damu. Nalisema peke yake kwa sababu haipiti wiki bila kuulizwa. Wala maji ya moto baada ya nyama hayayeyushi kitu; tumbo lako lina joto la nyuzi 37 muda wote, na kama mafuta yangekuwa yanasubiri kuyeyushwa yangeshayeyuka. Halafu kuna ile lebo ya "haina lehemu" kwenye chupa za mafuta ya kupikia. Ni kweli tupu, na haina maana yoyote, maana mafuta yote ya mimea hayana lehemu ya kuhesabika, mawese nayo yakiwemo.

Turudi kwenye swali la dirishani. Kwa nini mtu mwenye sukari nzuri apewe dawa ya mafuta? Kwa sababu kisukari aina ya pili si ugonjwa wa sukari peke yake. Mwili unaposumbuliwa na usugu wa insulini, yaani insulini ipo lakini mwili hauiitikii vizuri, ini hutoa trigliseridi nyingi, lehemu nzuri (HDL) hupungua, na chembe za LDL huwa ndogo na nzito, rahisi kupenya kwenye ukuta wa mshipa. Hali hiyo mara nyingi imeanza miaka kadhaa kabla hujagundulika. Ndiyo maana miongozo mingi ya kimataifa inashauri statini (kundi la dawa za kushusha lehemu, ndiyo hiyo "dawa ya mafuta") ya nguvu ya wastani kwa mwenye kisukari wa miaka 40 hadi 75, hata kama hajawahi kuugua moyo, na hata kama LDL yake haitishi. Kinachoangaliwa ni hatari yote kwa pamoja: umri, presha, sigara, figo, historia ya familia. "Sinywi dawa ya sukari" haimo katika vigezo vya kukuvusha.

Statini inafanya kinyume cha samli. Inazuia kimeng'enya ambacho ini hutumia kutengeneza lehemu. Ini likikosa, linaongeza milango na kuivuta LDL kutoka kwenye damu. Atorvastatini, mojawapo ya statini, ya miligramu 10 tu inaweza kuishusha LDL kwa zaidi ya theluthi. Ukiiongeza dozi mara mbili unapata nyongeza ya asilimia 6 hivi, kwa hiyo anayemeza viwili ili "ifanye kazi haraka" anajitafutia madhara kwa faida kidogo.

Faida yenyewe ni kiasi gani? Utafiti uitwao CARDS, uliofanyika Uingereza na Ayalandi na kuchapishwa 2004, uliwafuatilia watu 2,838 wenye kisukari aina ya pili ambao hawakuwa na ugonjwa wa moyo. Waliopewa atorvastatini miligramu 10 walipata matukio makubwa ya moyo na kiharusi pungufu kwa asilimia 37. Watafiti walikadiria kuwa ukiwatibu watu 1,000 wa namna hiyo kwa miaka minne unazuia matukio yasiyopungua 37. Wengi wao walikuwa Wazungu, na kila mmoja alikuwa na angalau kigezo kingine cha hatari kama presha au sigara. Sifichi hilo. Lakini mama wa Temeke ana presha, na LDL yake ilikuwa juu kuliko ile iliyoruhusiwa kuingia kwenye utafiti.

Upande wa pili wa mizani nao una uzito, na si haki kuuficha. Statini inaweza kupandisha sukari kidogo; kwa dozi ya wastani HbA1c huongezeka kama 0.1 au 0.2. Anayejidhibiti kwa chakula na yuko 6.4 anaweza kuvuka mstari, na anastahili kuambiwa mapema badala ya kugundua mwenyewe na kuona amedanganywa. Maumivu ya misuli yapo, ila si kwa kiasi kinachosimuliwa kwenye daladala. Katika jaribio la SAMSON la 2020, watu walioacha statini kwa sababu ya madhara walipewa miezi ya statini, miezi ya vidonge vitupu visivyo na dawa ndani, na miezi bila kidonge. Asilimia 90 ya dalili zilijitokeza hata kwenye vidonge vitupu. Walikuwa wanaumia kweli. Ila sehemu kubwa ya maumivu hayo haikutokana na dawa yenyewe. Hatari halisi, misuli kuvunjikavunjika na mkojo kuwa mweusi kama chai ya rangi, ni nadra sana, ila ikitokea acha dawa na uje siku hiyohiyo. Mjamzito au anayetafuta ujauzito azungumze na daktari kabla ya kumeza.

Sema dawa zako zote. Simvastatini, statini nyingine, ukiwa kwenye amlodipini haizidi miligramu 20. Klarithromisini (antibayotiki) na ritonaviri (dawa ya VVU) hazikai na simvastatini. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha nguvu. Dolutegraviri, nayo ya VVU, haina shida. Simvastatini humezwa usiku. Atorvastatini saa yoyote, na mfungo ukifika imeze na futari. Na wale wa "mimi natumia ya asili": mchele mwekundu uliochachushwa una monakolini K, ambayo ni lovastatini ileile, bila anayejua kipimo chake.

Kabla ya kuanza, pima lehemu na ALT, kipimo cha damu cha kuangalia ini. Rudia lehemu baada ya wiki 4 hadi 12, kisha kila mwaka. Si lazima ufunge kula, isipokuwa trigliseridi ziwe juu ya 4.5. Angalia kipimo kimeandikwa kwa mmol/L au mg/dL. Bwana mmoja alituletea lehemu ya 190 akiwa ameshaaga nyumbani, kumbe ni mg/dL, yaani 4.9. Ili upate mg/dL, zidisha mmol/L kwa 38.7 kwa lehemu na 88.6 kwa trigliseridi, si vinginevyo.

Sasa utaratibu, ambao naona hausomwi. Statini ni dawa ya cheti. Cheti kinatakiwa kiwe na jina lako, umri, jina halisi la dawa, nguvu yake, idadi ya siku, jina la mwandikaji, saini na tarehe. Cheti cha jirani si chako. Duka la dawa muhimu lina orodha yake ya dawa linazoruhusiwa kuuza. Famasi ndiyo mahali pake. Anayeuza dawa ya cheti bila cheti anavunja Sheria ya Famasi ya 2011, na anayeuza isiyosajiliwa na TMDA, mamlaka ya kudhibiti dawa na vifaa tiba, anaingia kwenye Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura ya 219. Kuna faini, kuna kifungo, na leseni inaweza kufutwa. Usinunue vidonge vya kuhesabiwa kwenye karatasi. Taka boksi, soma namba ya toleo na tarehe ya kuisha. Ukipata madhara usitupe dawa na kunyamaza. Leta boksi, tutajaza fomu ya njano ya TMDA mbele yako.

Yule mama hakuanza dawa siku ile. Mimi ningekuwa yeye ningeanza, na nilimwambia hivyo. Aliomba miezi mitatu ya kujaribu chakula kwanza, daktari akakubali, tukaandika tarehe. Aliporudi LDL ilikuwa 3.6. Juhudi kubwa, lakini kwa umri wake na presha yake bado ni juu, naye aliiona mwenyewe bila kuelezwa. Akachukua atorvastatini miligramu 10. Kipimo kilichofuata kilisoma 2.3, HbA1c 6.3.

Alipokuwa anafunga daftari akaniuliza kama sasa anaweza kurudia kongoro. Nikamwambia Jumamosi moja kwa mwezi.

"Mbili," akasema, akanyanyuka.