Je, kuwinda bata mzinga mwitu majira ya kuchipua huua kizazi chake?

Wengi wanaosikia kwamba Wamarekani huenda msituni na watoto na marafiki kuwinda bata mzinga mwitu wakati ndege hao wanapotaga hudhani kuwa viota huachwa yatima. Sivyo. Katika majimbo mengi, msimu huo huruhusu madume tu, au ndege wenye ndevu, yaani kishungi cha manyoya magumu kama singa kinachoning'inia kifuani. Majike wachache nao huwa nacho, ndiyo maana mzazi makini humfundisha mwanawe kutazama pia kichwa cha dume, chekundu na chenye buluu, kabla ya kugusa kifyatulio. Dume mmoja hupanda majike kadhaa bila kuatamia wala kulea vifaranga, na jike akishapandwa huhifadhi mbegu mwilini kwa wiki kadhaa, kiasi cha kurutubisha mayai yake yote, kwa kawaida 10 hadi 12. Hofu yenye mashiko ni ya kuwaua madume mapema mno, kabla majike wengi hawajapandwa, na kwa tahadhari hiyo baadhi ya majimbo ya kusini, Tennessee ikiwemo, yamechelewesha tarehe ya kufungua msimu.